Kikao cha Ng'ombe na Mashine Mbili

Kiwanja chetu cha Gudele, mjini Juba, Sudan Kusini, kina nyumba tatu. Mbele, karibu na geti la bati, ni nyumba kubwa tunayokaa mimi, Baba Watoto na watoto wetu. Nyuma, chini ya mwarobaini, ni nyumba ya mama mkwe, vyumba viwili na baraza. Upande wa kushoto, ukutani, kuna vyumba vya kupanga, na wapangaji wametoka kila pembe: msusi wa Arua, mwalimu Mkenya anayefundisha kwa njia ya mtandao nyakati za jioni, na akina mama wanaoleta nyanya na vitunguu kupitia mpaka wa Nimule. Waifai ni moja kwa wote. Kila mwisho wa mwezi tunachanga, na fedha anashika mama mkwe, kwa sababu ndiye tunayemwamini sote.

Aliyeishi Juba anajua intaneti ya hapa imetoka wapi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa 2011, karibu kila kitu kilipita angani kwenye setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Mkongo wa kwanza wa faiba ulifika mjini Februari 2020, ukitokea Uganda. Umeme wa mji nao ulianza kurudi mwishoni mwa 2019, mtambo wa megawati 33 ulipowashwa. Kabla ya hapo Juba ilikuwa inaishi kwa jenereta. Mpaka leo mtu mwenye uwezo hajiwekei chanzo kimoja cha umeme. Nyumba yetu kubwa inatumia nyaya za mji, na jenereta mafuta yakipatikana. Nyumba ya mama inatumia sola na betri walizomnunulia wanawe walioko Omaha, Marekani. Mnara wa kupokea intaneti uko juu ya paa lake, na unakunywa umeme wa betri hizo hizo. Kiangazi, sola haina neno. Masika, mawingu yakikaa siku mbili, betri zinaishiwa kabla ya alfajiri, na hapo nyumba kubwa ndiyo inayobaki na mwanga.

Ugomvi wa kwanza ulikuja na joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika kati ya nyuzi 41 na 45. Rauta yetu ilikaa sebuleni kwenye nyumba kubwa, na kazi zote ilifanya peke yake: kupitisha intaneti, kutangaza waifai, kugawa anwani. Mchana mmoja sehemu ya kugawa anwani ikaganda, nyingine zikaendelea. Mama mkwe, aliyekuwa tayari hewani, aliendelea kuzungumza na wanawe bila shida. Msusi alirudi kutoka saluni, simu yake ikaonyesha waifai imejaa, lakini haikufungua kitu. Mwalimu naye hivyo hivyo. Na bahati mbaya ndio wawili ambao mwezi ule walikuwa bado hawajachanga.

Mtu akifungiwa mlango na jirani yake akaachwa ndani, hatafuti sababu ya kiufundi. Msusi alisema wazi, mbele ya wapangaji wote, kwamba amezimiwa mtandao kwa ajili ya deni. Mama mkwe alinyamaza, akaingia ndani, na jioni ile hakula. Mimi nilijua hakuna aliyemzimia mtu. Kulieleza jambo hilo kwa maneno ambayo kila mmoja pale barazani angeyakubali ndiko kulikokuwa na kazi, na kazi hiyo naifanya tena hapa.

Simu inapoingia kwenye mtandao haina anwani, yaani namba ya kuitambulisha. Inapaza sauti kwa wote: kuna anayegawa anwani hapa? Seva, yaani sehemu inayogawa anwani, inajibu: nina hii, 192.168.10.57. Simu inasema: naichukua. Seva inaiandika, kisha inathibitisha: ni yako kwa saa moja. Muda ukifika nusu, simu inarudi kwa seva ile ile kuomba kuongezewa. Utaratibu huu unaitwa DHCP. Ralph Droms aliuandika mwaka 1993, akautengeneza upya Machi 1997, na ndio unaoendesha karibu kila nyumba, hoteli na ofisi duniani. Seva ikinyamaza, mwenye namba anaendelea kuitumia hadi muda wake uishe, ila anayebisha hodi sasa hivi hapati kitu. Kompyuta nyingine hujipa namba zenyewe, zinazoanza na 169.254, na namba hizo hazimfikishi mtu nje ya kiwanja. Kwa hiyo mama alibaki ndani kwa sababu aliingia mapema, si kwa sababu alilipa. Msusi alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwomba mama radhi. Mama alimkubalia. Lakini akaniambia, "Mwanangu, kitu hiki kisinigombanishe tena na watu."

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, ana moyo wa kutenda. Kesho yake alikwenda soko la Konyo Konyo, akarudi na rauta nyingine, akaichomeka nyumbani kwa mama na kuiunganisha kwa waya na ile ya kwanza, ili moja ikiganda nyingine igawe. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini zile rauta mbili hazikujuana. Kila moja ilikuwa na orodha yake, na orodha zote zilianza namba ile ile. Ni kama ndugu wawili wanaopangisha vyumba vya nyumba moja, kila mmoja na daftari lake: mwenye daftari la kwanza anampa mpangaji chumba cha tatu, mwenye la pili anampa mwingine chumba hicho hicho, na wote wawili wanafika na magodoro. Kishikwambi cha mama na kompyuta ya mwalimu vilipata anwani moja. Mmoja akipata, mwenzake anakatika. Dakika moja baadaye wanabadilishana.

Tiba ya haraka ipo, na sehemu nyingi huishia hapo: gawa orodha. Rauta ya mbele igawe namba 2 hadi 120, ya nyuma 121 hadi 250. Tulifanya hivyo na mgongano ukaisha. Hata hivyo hizo bado zilikuwa seva mbili zisizojuana. Simu iliyopewa namba na ya mbele haiwezi kuongezewa muda na ya nyuma. Ya mbele ikizimika, simu inangoja muda uishe, inaanza upya na namba nyingine, na mazungumzo ya video yaliyokuwa yakiendelea yanakatika. Kwa anayesoma habari hilo si neno. Kwetu lilikuwa neno kubwa, kwa sababu wifi yangu mdogo alikuwa ameposwa.

Ndugu zake wako Omaha, baba yake mdogo yuko Nairobi, na mahari ya ng'ombe haizungumzwi kwa ujumbe wa maandishi. Wazee wa upande wa mume wanakuja, wanakaa barazani, na ng'ombe wanatajwa mmoja mmoja: wa baba, wa mama, wa mjomba, wenye ndama, madume. Kila aliye na haki lazima asikie na asikike. Kikao kinaweza kuchukua alasiri nzima hadi usiku. Mtu wa Omaha akikatika wakati fungu lake linatajwa, neno lililokubaliwa bila yeye halina nguvu, na upande wa pili unaweza kusema tumewafanyia hila.

Ndipo niliposema tufanye jambo lenyewe. Tulitafuta kompyuta mbili ndogo za Raspberry Pi, moja ya sebuleni kwetu, moja ya chumbani kwa mama, tukazima ugawaji wa anwani kwenye rauta zote mbili. Programu tuliyoweka ni Kea, ya shirika la ISC, iliyopewa jina la kasuku wa milimani huko New Zealand. Shirika hilo lilikuwa na programu kongwe iliyotumika duniani kote, nayo iliweza kuunganisha seva mbili kwa kanuni ambayo toleo lake la kumi na mbili lilitolewa mwaka 2003 bila kuwahi kupitishwa kuwa kiwango rasmi. Mwaka 2022 waliacha kuihudumia programu hiyo na kuwaelekeza watu kwenye Kea. Nalitaja kwa sababu maelezo mengi utakayoyakuta bado ni ya ile ya zamani, na ukiyafuata utajenga juu ya kitu kisicho na mwenyewe.

Tulichagua mpango wa zamu: seva ya mbele inajibu, ya nyuma inasubiri. Uzuri wake ni daftari. Kila seva ya mbele inapompa mtu anwani, inampelekea mwenzake habari hiyo kwanza, mwenzake anakiri kwamba ameandika, kisha ndipo inamthibitishia mteja. Kwa hiyo wakati wowote ya mbele ikifa, ya nyuma inajua nani ana nini na hadi saa ngapi. Kila sekunde 10 zinajuliana hali. Umeme ukikatika sebuleni, simu iliyo na namba itajaribu kwanza kuomba nyongeza kwa ile iliyoipa. Ikikosa jibu mpaka muda ufike asilimia 87.5, yaani dakika ya 52 na nusu kwa saa yetu moja, inawaita wote, na seva ya nyuma inaiongezea namba ile ile. Mtu wa Omaha hajui kama kuna kilichotokea.

Tuliiwasha, ikafanya kazi. Kijana wa wifi yangu mkubwa, anayesoma sekondari na kupenda mashine kuliko chakula, alikuwa akikaa nami kusoma kumbukumbu zake mstari kwa mstari.

Siku ya kikao wazee walifika saa tisa alasiri. Mama alikuwa ametandika mikeka na viti, chai imeshachemka, kisra imekunjwa kwenye sinia. Simu tatu zilikuwa hewani. Jua lilipozama umeme wa mji ukakatika, na Baba Watoto alikuwa amekaa na wazee, hakuweza kuinuka kwenda kuwasha jenereta. Sikujali, ndio hasa wakati tuliokuwa tumeujengea zile mashine. Mnara ulikuwa unawaka kwa betri, rauta ya mama inawaka, mashine yake inawaka kijani.

Kisha simu ya baba mdogo wa Nairobi ikadondoka. Baada yake Omaha. Wakati ule walikuwa wanazungumzia ng'ombe wa mjomba.

Nilipoingia chumbani kwa mama, mashine ilikuwa hai na haijibu mtu. Simu zilikuwa zinabisha, zinaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba zimebisha, na hakuna aliyepewa chochote. Nje shemeji alianza kuwapigia ndugu kwa bando la simu, sauti ikikwaruza. Mzee mmoja wa upande wa pili alisema kwa upole kwamba neno la ng'ombe halipiti kwenye njia iliyovunjika, na kikao kikaahirishwa. Wifi mdogo alikuwa jikoni, akasikia. Alilia kimya kimya, na mimi nililibeba lile kama langu, kwa sababu nilikuwa nimemuahidi.

Sababu tuliikuta usiku ule ule, mimi na kijana, kwa taa ya simu. Kumbukumbu zilisema seva zile mbili zilikuwa zimevunja ushirika siku kadhaa nyuma. Saa zao zilikuwa zimetofautiana kwa sekunde 3,600.

Mashine hizi haziwezi kushirikiana bila kukubaliana saa. Anwani hupewa hadi saa fulani. Kama wewe unasema saa hiyo imepita na mwenzako anasema bado, daftari halina maana tena. Kea inaonya tofauti ikizidi sekunde 30, na ikizidi 60 inavunja ushirika na kumsubiri binadamu. Baada ya hapo seva ya mbele inaendelea kujibu, ya nyuma inaendelea kusubiri, ila hazipelekeani habari wala hazijuliani hali. Nje huoni dalili yoyote. Kila mtu anapata anwani, kila kitu kinawaka, mpaka siku ya mbele inapozimika, na ya nyuma haijui kwamba zamu imefika.

Na saa hiyo moja ilitoka wapi? Usiku wa kuamkia 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma. Tulikuwa saa 3 mbele ya saa ya dunia, pamoja na Nairobi na Kampala. Tukawa saa 2. Mtu yeyote aliyekuwa Juba anakumbuka wiki ile, watu wakifika kazini na kwenye misa kwa saa mbili tofauti. Kompyuta nyingi zilipata habari hiyo kwenye masasisho ya mwaka ule. Mashine ya sebuleni ilikuwa imewashwa kwa kadi yenye mfumo uliopakuliwa 2020, na kwa mfumo huo Juba ilikuwa bado iko pamoja na Nairobi. Hilo peke yake halidhuru, kwa sababu ndani kabisa mashine huhesabu saa ya dunia, na saa ya mji ni ya kuonyeshwa tu.

Lakini kulikuwa na usiku wa radi, umeme ukakatika kwa muda mrefu na intaneti ikapotea. Raspberry Pi zetu hazina betri ya saa. Zikizimika zinaamka na saa ile ile ziliyolala nayo, kisha zinauliza mtandaoni saa ngapi sasa. Ile ya sebuleni iliamka, ikakosa wa kumuuliza. Kijana aliona saa si sawa, na kwa kuwa ni mwangalifu, akaondoa upangaji wa saa wa kujiendesha, akatazama saa ya ukutani na kuandika: saa tatu usiku. Ukutani ilikuwa saa tatu ya Juba ya leo. Mashine ikaipokea kama saa tatu ya Juba ya kabla ya 2021. Hapo ndipo ilipobaki nyuma saa nzima kuliko mwenzake aliyekuwa chumbani kwa mama, ambaye usiku ule hakuzimika hata dakika.

Kijana alipoelewa, uso wake ulibadilika. Akasema, "Anti, ni mimi niliyevunja harusi." Nilimwambia hapana, na nilimaanisha. Aliyeisoma saa sawasawa ni yeye. Aliyekosea ni ile kadi. Nilimwambia pia kwamba kuanzia siku ile yeye ndiye mwangalizi wa zile mashine, na mjomba wake alilikubali hilo mbele ya wote asubuhi.

Tulizima seva zote mbili, tukasasisha mfumo, tukarudisha saa ya kujiendesha, tukaziwasha pamoja. Zilijuliana hali, zikapelekeana daftari, zikarudi kwenye zamu. Safari hii hatukungoja kikao kituonyeshe. Adhuhuri moja, watu wengi wakiwa kazini, tulichomoa ya sebuleni kwa makusudi na kuchukua simu isiyokuwa na anwani.

Dakika ikapita. Ya nyuma ilitambua kwamba mwenzake kanyamaza, lakini haikuchukua zamu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye akili ya jambo zima. Mwenzako akinyamaza, hujui kama amekufa au waya kati yenu umekatika. Kama ni waya tu, naye yuko upande wa pili anaendelea kugawa, ukianza kugawa na wewe mtarudi kule kule kwa wapangaji wawili wa chumba kimoja. Kwa hiyo Kea inangoja sekunde 60 za kimya, kisha inasikiliza wateja. Kila ombi la anwani lina sehemu inayosema mteja amekuwa akibisha kwa sekunde ngapi. Kama zaidi ya wateja 10 wamebisha zaidi ya sekunde 10 bila jibu, basi hakuna anayewahudumia, na ya nyuma inasimama. Kwenye ofisi ya watu mia tatu, wateja hao wanatimia kabla hujamaliza kuvuta kiti. Kwenye kiwanja chetu adhuhuri, wenye kuomba anwani walikuwa mimi, kijana, na simu ya mama. Ingengoja mpaka jioni.

Unaweza kuandika sifuri, na seva ya nyuma itasimama mara tu kimya kikizidi dakika. Shemeji alitaka hivyo. Mimi sikutaka, kwa sababu waya unaounganisha nyumba zetu umezikwa kwenye bomba la plastiki linalopita chini ya njia ya boza la maji, na boza hupita kila wiki. Tulikubaliana kwa 2. Wa tatu akibisha na kukosa, hiyo inatosha kuwa ushahidi. Tulichomoa tena, simu tatu zikabisha, na ya nyuma ikasimama mbele ya macho yetu. Tulipochomeka ya sebuleni, ilirudi kwa adabu inayotakiwa: kwanza ilisubiri, kisha ikachukua kwa mwenzake habari za kila anwani iliyotolewa wakati haipo, kisha ndipo ikapokea zamu yake.

Wazee walirudi. Umeme ulikatika usiku ule pia, mapema zaidi. Kijana alikuwa amekaa chumbani kwa bibi yake mlango ukiwa wazi, akanionyesha vidole vitatu, halafu akanyanyua gumba. Kutoka Nairobi, baba mdogo alikuwa anabishia madume mawili, na aliendelea kubisha bila kukatika mpaka akapewa moja. Omaha walisikia kila fungu likitajwa, wakajibu kila lilipowahusu. Usiku wa manane neno lilipita, na mama mkwe akapiga kigelegele ambacho wapangaji wote walitoka kuitikia.

Sasa tumeagiza saa mbili ndogo zenye betri za kuchomeka kwenye zile mashine, zinakuja kwa basi la Kampala. Fedha zimetoka kwenye mchango. Mama ametoa amri moja, kwamba soketi iliyo nyuma ya kitanda chake asiichomoe mtu yeyote kwa ajili ya pasi, na kijana ameiandika kwa kalamu nyekundu kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili, akaibandika ukutani.